Njiwa Aliyekula Vifaranga

Musinicheke mbele sijamaliza, maana najua mutacheka tu, hata padri alicheka, na mi mwenyewe kuna siku natwanga sombe, majani ya muhogo, kicheko inanikamata peke yangu mpaka batoto banasema mama ameanza wazimu. Lakini ile siku yenyewe hakukuwa kicheko. Ile siku nilisimama katikati ya kiwanja ya paruasi, pale kanisani, hapa hapa Baraka, nimevaa manyoya ya kuku toka shingo mpaka magoti, matako yangu inasomeka kama gazeti (mutaelewa, ngojeni kidogo), basoda bamenielekezea bunduki, na bwana yangu iko ndani ya kasho, amefungwa, uzima wake unaningojea mimi. Na yote hiyo juu ya kitu kimoja: nilibadilisha ndege.

Munamujua bwana yangu, Baba Riziki. Alikuwa anafundisha bakubwa ba sekondari, na kitu alipenda kuliko mi (namuambia kila siku, hakatai) ni michezo ya kale, ile yenye bafalme na maiti mingi. Wakati ya vita ya pili, baasi, bale ba kupigana na serikali, bamekamata muji, masomo yamefungwa, nusu ya bantu banalala mashambani, yeye akakusanya bamama na bavijana ba paruasi akasema, tutacheza. Eti muji usiocheza umekwisha kufa. Akachukua mchezo ya mufalme mwenye alikalia kiti ya ndugu yake kwa nguvu, akautoa kwa Kifaransa akauweka kwa Swahili ya hapa kwetu, na mule ndani, bandugu, ni ndege tupu. Muke ya mufalme akiwa na uchungu hasemi niko na uchungu, anasema niko kasuku, bananifundisha kusema na mabawa banakata. Habari ya kifo inaletwa na bundi. Na siku mufalme anaingia muji, kwaya inaimba: mwewe anazunguka, vifaranga vinatazama chini, mwewe anazunguka.

Mi nilimuuliza, "Baba Riziki, bale bantu ba zamani balikuwa bawindaji ao nini? Kwa nini hawasemi tu mufalme ni mubaya, tumalize, twende kula?"

Akanijibu na ile sauti yake ya darasani, "Mama Riziki, ukitaja mufalme watakukata kichwa. Ukitaja ndege, kila muntu anatafuta mwenyewe. Kwa mchezo ya kale, ukiona ndege, tafuta muntu."

Sasa sikilizeni vile balimukamata. Munajua desturi yetu: mwewe akionekana juu ya nyumba, mama yeyote mwenye iko karibu, hata kama kuku si zake, hata kama iko anasali, anapiga kelele "Swaa! Swaa!" na kugonga sufuria, na jirani anaitikia, na jirani ya jirani, mpaka mwewe anapata haya anaenda zake. Basi, tuko kwa repetisio, tunajizoeza mchezo, kijana Lubunga ndiye mwewe, amefunga kikwembe nyeusi kwa mikono, anazunguka, kwaya inaimba, na nje ya uzio kulikuwa bamama banauzisha ndagaa. Wakamuona. Mikono yao haikuuliza kichwa. "Swaa! Swaa! Swaa!" Masahani, sufuria, makopi, kelele ikafika mpaka bariyeri ya basoda kule njiani, nao wakaja mbio na bunduki.

"Munafukuza nani?"

Mama mmoja, mjinga wa Mungu, akajibu, "Tunafukuza mwewe."

Basoda bakaangalia juu. Hakuna mwewe. Mbingu iko wazi kama sahani ya kuoshwa. Bakaangaliana: kama si ndege, mwewe ni nani kama si mukubwa wao? Jua halijatua, Baba Riziki iko ndani ya depo, ghala ya zamani kando ya ziwa, mule balikuwa banaweka bantu.

Ile depo muliijua. Muchuuzi mmoja wa Lweba alitiwa mule, muke yake alikuwa anamuletea chakula kila siku, kila siku, mpaka siku moja mulinzi akamuambia asilete tena. Hivyo tu. Usilete tena. Mi niliwaza ile neno, lakini mi ni muntu wa hasira, na hasira ndiyo ilinisimamisha. Nikafunga kikwembe vizuri, nikaenda kwa komanda mwenyewe.

Nilimukuta anatembea kwa baraza, mikono nyuma, kifua mbele, kichwa inaenda na kurudi, kama muntu anapima kiwanja. Hakunifokea. Hiyo ndiyo iliniogopesha. Alisema kwa upole, "Mama, mi nilisoma. Teyatre naijua. Bwana yako anasema mwewe ni mwewe tu, na mwenye aliandika alikufa zamani. Sawa. Jumapili, kisha misa, mutacheza mbele yangu. Nikijiona mule ndani, bwana yako anabakia kwangu. Nisipojiona, anarudi na we nyumbani."

"Aksanti, komanda."

"Usinishukuru bado."

Nikapitia kwa depo. Mulinzi akaniacha nisimame kwa dirisha yenye vyuma. Baba Riziki akaleta uso, na jicho moja ilikuwa imefungwa kabisa, kioo moja ya miwani haiko. Nililia, sitadanganya. Na yeye, badala aniulize batoto bamekula nini, ananiambia, "Mama Riziki, musibadilishe mchezo. Hata ndege mmoja."

Nilikasirika nikakausha machozi papo hapo. Muntu anakufa, anafikiri mashairi! Nikamuambia, "We kaa na ndege zako, mi nitafanya vile najua," nikaondoka. Na nilikuwa najua nini? Sikujua kitu.

Lubunga, ule mwewe wetu, alikuwa amekwisha panda mutumbwi kwenda Ubwari, ng'ambo ya maji. Alifanya vizuri, hata mi ningeenda. Kwa hiyo ndege ni mi. Basi nikakaa karibu na moto nikawaza: ni ndege gani komanda hawezi kujiona ndani? Mwewe hapana. Tai hapana, ni mwewe mwenye cheo. Kunguru ni mwizi. Bundi tayari iko na kazi yake. Jogoo anapenda kupandisha sauti na kuwa na muke mingi, hapana, hapana kabisa. Nikafika kwa njiwa. Njiwa! Ndege ya Nuhu, ndege ya kanisa, ndege haina adui! Mufalme aingie kama njiwa mweupe, nani atajiona? Na bamama, hakuna mama alizaliwa mwenye anapigia njiwa "swaa". Nilijipongeza peke yangu. Nilisema Baba Riziki anasoma vitabu lakini akili iko kwangu.

(Hapa nawakumbusha kitu, maana ndiyo mufupa yenye ilinikwama: siku ile baasi baliingia Baraka, mi sikuwa hapa. Nilikuwa nimekimbia na batoto kwa mama yangu, kisha mashambani pande ya Lubondja, nikarudi wakati mambo imetulia. Sikuona namna komanda aliingia. Na hakuna muntu alinihadisia, kwa sababu wakati ile bantu hawakuwa banahadisia.)

Manyoya meupe nikapata kwa mama mwenye alikuwa anapikia bakubwa ba basoda, alikuwa na gunia muzima. Uzi hakuna, muji muzima hakuna uzi. Nikapika unga ya muhogo, bukari nzito, ya kunata, nikabandika manyoya moja moja juu ya shati ya zamani na juu ya sketi yenye nilikata kwa gunia ya unga ya musaada, maana ilikuwa nyeupe. Nyuma ilikuwa na maandishi. Nikasema si kitu, manyoya itafunika.

Jumapili, misa imekwisha, bantu bamejaa kiwanja mpaka juu ya ukuta, mi nikakusanya kwaya nyuma ya sakristia, nikasema, "Leo hakuna mwewe. Pahali pa mwewe muimbe njiwa."

Nyuso zao! Nilifikiri ni uzuri ya mavazi. Mukubwa wa kwaya alikuwa Mama Mwamini, jirani ya paruasi, mwenye kuku zake zilikuwa zinashinda kwa kiwanja ya padri kama zimebatizwa. Akanishika mukono.

"Mama Riziki, lakini..."

"Hakuna lakini."

"Dada yangu, nisikilize, lakini huyu komanda..."

"Mama Mwamini! Bwana yako iko nyumbani anakunywa chai. Wangu iko wapi? Unaogopa, ubakie. Hauogopi, uimbe!"

Akafunga kinywa. Muntu mwenye alitaka kuniokoa, mi nilimufunga kinywa na mikono yangu miwili.

Mchezo ukaanza. Komanda amekaa mbele kabisa kwa kiti ya padri, basoda yake pande zote, na pembeni mulinzi wa depo, funguo inaning'inia kwa mukaba, mi sikuweza kuitoa macho. Kasuku akaingia, akalia uchungu yake, komanda akatikisa kichwa kidogo, eti nzuri. Bundi akaleta habari ya kifo. Nzuri. Moyo wangu ukaanza kurudi pahali pake. Kisha ngoma ikalia na mi nikaingia.

Bandugu, kiwanja ikanyamaza. Si kunyamaza ya kawaida, hata batoto ba kunyonya balinyamaza. Na mi, kichwa yangu ya maji, nikasema ona, nimewakamata, kumbe mi ni mwigizaji! Nikaongeza. Nikasema njiwa anatembea namna gani? Njiwa anapeleka kifua mbele. Nikapeleka kifua mbele. Mabawa yake inakaa nyuma. Nikaweka mikono nyuma. Kichwa inaenda na kurudi. Nikafanya kichwa iende na kurudi. Nikatembea hivyo mbele ya kiti ya komanda, niende, nirudi, niende, nirudi, na kwaya inaimba kwa sauti ya bantu banazika: njiwa anazunguka, vifaranga vinatazama chini. Nikamufunika mutoto mmoja mwenye alicheza kifaranga na bawa, eti nimemumeza. Soda mmoja akakohoa akageuka ukutani, mabega yake inatetemeka.

Nikasogea kwa kwaya, nikasema kati ya meno, "Munaimba kama bagonjwa, imbeni!"

Mama Mwamini, machozi inamushuka, akaingiza maneno yake ndani ya wimbo, hata sauti hakubadilisha: "Njiwa ni yeee, njiwa ni yeye, siku aliingia alirusha njiwa mweupe kwa kiwanja ya mupira, akasema mi ndiye njiwa yenu, usiku ile bakakula mbuzi zetu, tangu siku ile tunamuita Komanda Njiwaaa."

Maji ya baridi ilinipita toka kisogo mpaka kisigino. Nikageuka. Komanda alikuwa hatikisi kichwa tena. Na mi bado niko na mikono nyuma, kifua mbele! Nikaishusha mikono mbio, sikujua niiweke wapi, muntu akiwa njiwa anaweka mikono wapi? Nikasema Mungu wangu, nitoke, nitoke polepole, mchezo uendelee bila mi. Nikaanza kurudi kinyumenyume.

Hapo ndipo kuku za Mama Mwamini zilisikia harufu ya unga.

Ya kwanza ilinidonoa nyuma ya goti. Nikaisukuma na muguu, kwa adabu. Ikaja ingine, ikaja na bandugu zake, na ile wakati ya njaa hata kuku zilikuwa na njaa, zilinirukia kwa mapaja, kwa kiuno, zinavuta unga na manyoya pamoja, "ko ko ko", mi naruka, nazunguka, manyoya inaruka juu kama kuna harusi. Nikageuka kukimbia, nikawapa bantu mugongo, na kila muntu mwenye alijua kusoma akasoma kwa matako yangu, herufi kubwa za buluu: VENTE INTERDITE. Yaani hairuhusiwi kuuzisha. Na ile unga, kila muntu hapa alijua, ilitoka kwa lori ya musaada yenye basoda ya komanda balikamata, na bake zao ndio balikuwa banaiuzisha kwa soko. Mi mwenyewe nililipa kwao.

Kama ingeishia pale, labda. Lakini nyuma kabisa kulikuwa bibi mmoja, macho yake imezeeka, aliona tu kitu yenye mabawa iko katikati ya kuku zinapiga kelele. Mikono yake haikuuliza kichwa. "Swaa!" Na bamama, ile ilikuwa kwa damu, hawakuweza kuizuia, mmoja akaitikia, mwingine akaitikia, kisha kiwanja muzima, "Swaa! Swaa! Swaa!", banagonga mabenchi, banagonga ukuta, na sasa ilikuwa hasira, mi nilisikia, haikuwa tena juu ya kuku. Muji muzima unafukuza njiwa.

Basoda bakakoki bunduki. Ile mulio munaijua. Kelele ikakatika.

Komanda akasimama. Akatembea mpaka mbele yangu, na mikono, naapa, ilianza kwenda nyuma, kisha akaikumbuka akaiacha ining'inie. Akasema polepole, "Mama. Ule ndege ni nani?"

Mi nilikuwa na haya mpaka hakuna tena pahali pa kuiweka. Nilisema ukweli wa saa ile, "Ni mi, komanda. Hakuna mwingine. Ni mi, muke mjinga, mwenye alivaa bukari, na kuku zinamukula." Na nikalia kwa sauti, kamasi, manyoya imenata kwa uso, nikiona tu ile funguo kwa mukaba ya mulinzi.

Hapo Mama Mwamini akatoka kwa kwaya. Ule mwenye nilimufunga kinywa. Akapiga magoti chini mbele ya bantu bote akasema, kwa adabu yote, "Komanda, mulisema mukijiona mule ndani mwalimu anabakia, musipojiona anarudi. Tunaomba mutuambie. Mulijiona?"

Komanda akaangalia bantu, akaangalia basoda yake, na ule soda wa ukutani bado mabega inatetemeka. Aseme ndiyo? Aseme mbele ya Baraka muzima, ndiyo, mi ndiye ule njiwa mwenye kuiba unga?

"Mi sikuona muntu," akasema. "Niliona kuku." Akamugeukia mulinzi. "Mutoe mwalimu."

Baba Riziki alitoka anashika ukuta, jicho moja, kioo moja. Akanikuta njiani na yale mavazi, kuku ingine bado inanifuata. Aliniangalia juu mpaka chini, akatia mukono kwa bega langu na uzito wake wote. Nilimubeba mpaka kwa padri. Na padri, kicheko yake ikiisha, akasema, "Muondoke sasa hivi. Muntu hajioni mbele ya bantu. Anajiona akiwa peke yake." Jua bado iko juu, tulipanda mutumbwi na batoto, na tukiwa bado karibu na pwani tulisikia kuku zinalia muji muzima. Basoda balipita nyumba kwa nyumba, balianza kwa Mama Mwamini. Hakubakia hata moja. Komanda aliona kuku, basi akazikula.

Katikati ya ziwa Baba Riziki akaniuliza ilikuwa namna gani. Nikamuhadisia yote. Alicheka mpaka akashika mbavu zenye bamevunja, analia na kucheka. "Ungemuacha mwewe," akasema, "bangemuona kama mwewe tu, wa kawaida. We ulienda ukamutafutia ndege yake mwenyewe." Nilikuwa natoa unga kwa nywele.

Toka siku ile niliapa: sitasimama tena kwa jukwaa, hata kwa Noeli, hata kama ni kondoo ya kulala tu. Na kingine kinazidi hicho: muntu akiniambia "lakini", nakaa chini. Hata kama hasira iko kwa koo, nakaa chini, nangoja yenye inafuata.

Vita ilipopoa tukarudi. Mbele ya kufungua hata muzigo, nilienda soko nikatafuta kuku nzuri, nyeupe, ya kutaga, nikamupelekea Mama Mwamini nyumbani kwake. Kiwanja yake ilikuwa tupu, hakuna hata nyoya. Nikamuwekea kuku kwa mikono, na maneno yenye nilikuwa nimebeba toka ng'ambo ikanikosa, nikasema tu, "Kwa zile zingine." Aliishika, akaiangalia kichwani, akaigeuza akaangalia miguu, akaniangalia mi.

"Aksanti, dada yangu," akasema. "Lakini..."

Nikakaa chini. Nikafunga kinywa. Nikangoja.

"Lakini huyu, Mama Riziki, ni jogoo."